Kutafuta Nafasi kwa Leso

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Nilifika kwenye ghala la kampuni, kule Industrial Area, nimevaa sketi iliyonyooshwa kwa pasi na viatu vyangu vya kanisani, nikidhani nimeajiriwa kukaa ofisini, maana cheo changu kiliitwa Afisa wa Nafasi. Meneja wa Mizunguko, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alitazama viatu kwanza ndipo akatazama uso. Alinikaribisha vizuri, kisha akaniambia nirudi nyumbani Buruburu nikabadilishe, kwa sababu ofisi yangu ilikuwa barabara.

Niliporudi na raba alinionyesha kile nilichoajiriwa kukitafutia makao. Stendi ni fremu ya chuma, na zile kubwa zilikuwa pana kuliko mlango wa nyumba nyingi za mtaani. Juu yake kumepangwa vichwa. Kichwa ni lile tungi la plastiki angavu ambalo ndani yake unaona njugu, peremende, chingamu za rangi, au pete na vigari vidogo vilivyofungwa ndani ya mayai ya plastiki. Chini ya kila kichwa kuna mdomo wa sarafu na mpini. Unatia shilingi kumi, unazungusha mpini, na gurudumu la ndani linapima kiasi chako na kukimwaga kwenye kikombe. Hakuna umeme wala muuzaji. Kuna mjazaji tu, anayepita kujaza vichwa na kutoa sarafu, na safari yake ndiyo tuliyoiita mzunguko.

Stendi ndogo ungeweza kuishusha kwenye bodaboda. Kubwa ilihitaji pikapu na wanaume wenye nguvu, kwa hivyo ukiiweka mahali pabaya mtaa mzima uliiona ikija na ukaiona tena ikirudishwa. Meneja alipiga kichwa kimoja kofi la mapenzi, akaniambia, "Mama Kioko, hii ikiwekwa pabaya ni vyuma tu. Wewe ndiye utaifanya iwe duka."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa nimeuza vyombo vya plastiki nyumba kwa nyumba kwa miaka, nikiwashawishi wamama waliokuwa na sufuria za kutosha kwamba hawana hata moja, na sikuona kazi gani hapo. Nilitoka siku hiyohiyo nikarudi na jibu. Nilimwambia nimepata nafasi ambayo hata kipofu angeiona, yaani stendi ya matatu pale Jogoo Road, mahali ambapo asubuhi watu wanajaa mpaka unakosa pa kukanyaga. Hakunikatiza. Aliniuliza tu watu hao walikuwa wameshika nini mikononi, na macho yao yalikuwa wapi. Nikafikiri. Walikuwa wameshika mikoba, simu na watoto, na macho yao yote yalikuwa barabarani.

"Hao wanapita," akasema. "Mimi sitaki wanaopita. Niletee wanaosubiri."

Kila nilichofanya baadaye kilianzia hapo. Mtu anayesubiri ana mkono mtupu na hana la kufanya. Yuko kwa kinyozi akingoja zamu, yuko kwa fundi wa viatu na mguu mmoja hauna kiatu, yuko kwenye kioski cha chipsi akitazama mafuta yakichemka. Nilijifunza kuutazama mtaa kwa namna hiyo, na mpaka leo siwezi kuingia mahali bila kuangalia nani amekaa na kwa nini. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa akiniambia kwamba kutembea nami Jumamosi ni sawa na kutembea na askari kanzu.

Mambo mengine ya kazi nitayataja kwa haraka. Sakafu iwe ya saruji na iwe sawa, la sivyo gurudumu linakwama. Pawe na kivuli, kwa sababu peremende zikiyeyuka kichwa kizima kinakuwa jiwe. Stendi ionekane kutoka alipo mwenye duka, ifungwe kwa mnyororo, na midomo ya chini iwe kimo cha mtoto. Usiiweke kwenye kinu cha unga hata wakikupigia magoti. Niliwahi kuiweka, na ule unga uliingia kwenye magurudumu ukakutana na chumvi ya njugu, mafundi wetu wakanitajia jina langu la ubatizo kwa sauti ambayo sikuipenda.

Lakini kitu kilichonifanya niitwe fundi wa nafasi hakikuwa kwenye mafunzo ya mtu. Ilikuwa leso yangu, ile kanga ya kujifunga kiunoni.

Nilikuwa Buruburu, nimeshapatana na mwenye duka moja kuhusu veranda yake, na tumeshakubaliana mgao wake, yaani sehemu anayopewa kwa kutukalisha. Nilitandika leso kwenye saruji nikakaa nipumzike, kisha nikavuka barabara kutazama duka la pili na kuisahau. Niliporudi niliikuta imekunjwa vizuri na kuwekwa dirishani. Mahali pake alikuwa amekaa mzee mmoja fundi wa miavuli, na vifaa vyake vyote mbele yake. Nilimuuliza mwenye duka. Akaniambia kwa aibu kidogo kwamba kivuli kikifika hapo, pale ni pa mzee, tangu enzi za baba yake. Hakuwa amefikiria kunieleza, kwa sababu kwake lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Nilikaa na hilo wazo siku nzima. Katika mitaa yetu hakuna saruji isiyo na mwenyewe. Mwenye duka ana karatasi, lakini veranda ina wenyewe wengine wasio na karatasi, na ukiwakanyaga hawatakushtaki popote. Siku moja utakuta tu mnyororo umekatwa au midomo ya sarafu imejaa chingamu zilizotafunwa. Basi nikaanza kutumia leso kwa makusudi. Nilipata leso pana, ambayo ukiitandika inakaribia upana wa stendi kubwa. Niliitandika pale ninapopataka, nikaiacha, nikaenda kunywa chai upande wa pili nikitazama. Watu wakiizunguka bila neno, pale hapana mtu. Mtu akiikunja na kuiweka kando, ninakwenda kumwamkia, maana nimempata mwenyewe. Na leso ya mama haikanyagwi wala haiibwi hovyo, hata na wale vijana ambao kofia ya mgeni haiwapiti.

Meneja alipojua alicheka hadi akashika meza. Baada ya hapo, kila nilipoleta jina la mahali, aliuliza kitu kimoja tu, "Umetandika?"

Kutoka Buruburu nilihamishiwa mzunguko wa Umoja na Mowlem, na huko ndiko nilikokutana na jaribu langu. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa amechoka na Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji. Kwa maoni yake stendi kubwa zilifaa maduka makubwa ya upande wa pili wa mji, yenye vigae na walinzi, na alimpa Meneja muda hadi mwisho wa mwaka kuonyesha kwamba stendi kubwa inaweza kuishi kwetu. Isipoweza, mzunguko wa Eastlands ungefungwa. Hapo wa kupoteza kazi ni Meneja, ni mimi, na ni wajazaji wetu, akina mama na baba za watu, ambao walikuwa wameanza kuulizana chinichini nani atawaajiri. Niliogopa, sitaficha. Kioko wangu alikuwa sekondari.

Nafasi niliyoichagua ilikuwa veranda ya kinyozi mmoja Mowlem tuliyemwita Baba Wairimu. Ilikuwa na kila kitu. Benchi la wanaosubiri, kivuli cha paa la mabati, sakafu iliyopigwa vizuri, na kinyozi mwenyewe mwenye macho makali na mdomo mwepesi. Ukuta wake ulipakana na kanisa letu, maana wakati huo tulikuwa tumehama Buruburu tukajenga kachumba Mowlem, na mimi nilikuwa katika chama cha akina mama hapo hapo. Nilitandika leso siku ya kazi, nikatandika Jumamosi, asubuhi na jioni. Watu waliizunguka. Baba Wairimu aliniuliza, "Mathe, sasa hii leso unaianika ama unaichunga?" Nilipomweleza, akasema kwamba kama ni mashine ya njugu basi ije jana.

Ilikuja, na ilifanya kazi kuliko stendi yoyote niliyowahi kuweka. Mjazaji alikuwa akikuta vichwa vitupu. Mkurugenzi aliuliza ni mahali gani huko, Meneja akanitaja kwa jina, na nilitembea ghalani siku hiyo kama ninayemiliki nusu yake. Kilichonishangaza ni kwamba siku yenye mauzo makubwa kabisa ilikuwa Jumapili.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Njeri, aliyefundisha watoto wa Sunday school. Alikuwa mwanamke mpole wa Murang'a, si mtu wa kulalamika. Alinisubiri nje baada ya ibada, akanishika mkono, akanipeleka pembeni.

"Mama Kioko, kikapu cha watoto kinarudi kitupu," akasema. "Na watoto wangu wanaimba huku wanatafuna."

Sadaka ya watoto haikuwa ya mapambo. Ndiyo iliyonunua viatu vya shule kwa mtoto wa kanisa asiyekuwa navyo, kila shule zinapofunguliwa, na watoto wenyewe ndio waliokuwa wakimvisha mbele ya watu wote. Sasa kila mtoto alitoka nyumbani na sarafu yake ya sadaka, akafika kwenye kona ya Baba Wairimu, na hapo sarafu ikapata njia nyingine. Mimi niliyejisifu kwamba hakuna saruji nisiyoijua, sikuwahi kutandika leso pale siku ya Jumapili. Ningetandika saa ngapi? Jumapili nilikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta, nikiimba kwa sauti kuliko wote.

Mwalimu Njeri hakuniambia niiondoe stendi. Mchungaji naye, nilipomwendea, alisema tu kwamba ananiombea, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nilimpelekea Meneja habari hiyo Jumatatu. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba Mkurugenzi amesikia habari za Jumapili ya Mowlem na anakuja kujionea kwa macho yake. Nikiiondoa stendi, Mkurugenzi atakuta veranda tupu, na hapo hakutakuwa na la kumweleza.

"Sisi hatuuzi injili, tunauza njugu," akasema, lakini bila nguvu. "Fikiria, mama. Wewe ndiye unayepajua."

Nilifikiri wiki nzima. Nilifikiria kuigeuza stendi itazame ukuta, lakini watoto wa Mowlem wangeigeuza tena kabla sijafika kwenye ngazi za kanisa. Nilifikiria kumwomba Baba Wairimu awafukuze watoto, lakini yeye Jumapili asubuhi ana wateja hadi mlangoni, na mtoto humfukuzi mara moja. Mwishowe nilikuwa nakunja nguo nyumbani, leso ile ikaja mkononi, nikaona nimekuwa mjinga. Miaka yote nilikuwa nikiitumia kuuliza pale ni pa nani. Sikuwahi kuitumia kujibu.

Jumapili ile nilitoka mapema. Niliizungushia stendi leso, nikaifunga kwa fundo la mbele kama tunavyojifunga kiunoni tunapopika kwenye harusi. Ilitoshea kabisa. Nilimwambia Baba Wairimu kwamba stendi haijafungwa, imefunikwa tu, na leso nitaitoa ibada ikiisha. Kisha nikaingia kanisani nikakaa, na sikumbuki mahubiri yalikuwa ya nini.

Yaliyotokea nje niliyasimuliwa na Baba Wairimu, ambaye amekuwa akiyasimulia tangu siku hiyo kila mara yakiongezwa chumvi. Watoto walifika, wakasimama, wakaitazama. Mmoja wao alisema hiyo ni ya mama wa mtu, na wakaingia kanisani na sarafu zao. Halafu gari likasimama, Mkurugenzi akashuka. Alitazama huku na huku akitafuta mashine yake, akaona miguu ya chuma ikichungulia chini ya nguo. Akanyoosha mkono kuinua pembe ya leso.

"Mzee, hiyo iache," Baba Wairimu akamwambia, bila kuzima mashine ya kunyolea. "Ina mwenyewe. Ngoja wamama watoke."

Na Mkurugenzi, mtu aliyekuwa na sahihi juu ya kila mshahara wetu, akaketi kwenye benchi. Alikaa hapo hadi akaona haya kukaa bure, akaingia kwenye kiti akanyolewa ndevu.

Nilitoka nimevaa blauzi ya chama na kitambaa kichwani, nikamkuta anajipangusa kidevu. Nilimwamkia kama mgeni wa kanisa. Alisema amekuja kuona biashara naye anaona nguo, na akataka kujua nani alinipa ruhusa ya kufunga duka lake siku yenye wateja.

"Sijalifunga, bwana, nimelifunika," nikamwambia. "Watoto hawa wanatoka nyumbani na sarafu zenye mahali pa kwenda. Zikifika huko kwanza, hizi nyingine zitakuwa zetu bila ugomvi na mtu."

Nikafungua fundo. Sikuwa na uhakika wa lolote, na kama hakuna ambaye angekuja hapo ningekuwa nimewafungia kazi wenzangu wote kwa mkono wangu. Kwanza walikuja watoto, mikono mitupu, wakasimama. Ndipo wakaja wazazi wao. Baba mmoja akajipekua mifukoni huku akinung'unika, mama akafungua pochi, nyanya mmoja akamwamuru mjukuu wake amchagulie njugu zisizo ngumu. Walikuwa wametoka ibadani, hawana haraka, wanasubiriana, wanasalimiana. Nikawaza kwamba Meneja wangu alinifundisha kutafuta wanaosubiri, nami nilikuwa nimewaacha nikachukua wanaopita, tena wadogo.

Mkurugenzi aliniuliza kama mauzo ya Jumapili hayatashuka. Nikamwambia ukweli, kwamba yatashuka kidogo. Nikaongeza kwamba stendi itakuwepo hapo mwaka ujao, na ule mwingine, kwa sababu hakuna mama atakayeichukia. Alitoa sarafu mfukoni, akapanga foleni nyuma ya watoto, akazungusha mpini wake wa njugu. Alizitafuna zote.

"Basi iache ivae leso yake," akasema.

Mzunguko wa Eastlands haukufungwa. Habari zilitembea zenyewe, kwamba kuna mama anayefunika mashine yake saa za ibada, na wenye maduka wa Kayole na Dandora walioniambia hapana wakaanza kunitafuta. Wachungaji nao walinionyesha kuta zao za kuegeshea stendi. Nilipandishwa cheo nikawa Msimamizi wa Nafasi, nikapata hatimaye ile ofisi niliyoivalia viatu siku ya kwanza, na niliichukia kuanzia juma la kwanza. Kioko alimaliza shule. Meneja wa Mizunguko alistaafu kabla yangu, na siku ya kumuaga aliomba zawadi yake iwe leso, watu wakadhani anatania.

Mimi nimestaafu juzijuzi. Stendi za sasa zinapokea malipo ya simu na sarafu pia, na vijana wanaozitafutia nafasi wana ramani kwenye simu zinazowaonyesha watu wanajaa wapi. Siwacheki. Ramani ni kitu kizuri, na mimi ningekuwa nayo ningemaliza raba chache. Ninawaambia tu kwamba haiwaonyeshi kivuli kikifika pale ni pa nani, na kwamba kuna siku moja ya juma ambayo wao wenyewe hawapo, na siku hiyo wamtume mtu. Kazi hii niliipenda. Niliifanya vizuri, na sioni kwa nini niseme vingine kwa ajili ya adabu.

Jumapili moja mwezi uliopita magoti yalinichelewesha, nikafika kanisani wimbo wa kwanza umeshakwisha. Nikapita kwa Baba Wairimu, ambaye sasa ana mvi lakini bado ananyoa. Kwenye veranda ilikuwepo stendi mpya ya kampuni, na ilikuwa imefunikwa kwa leso nyekundu yenye maua, imefungwa fundo la mbele. Haikuwa yangu, yangu iko nyumbani. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema hata yeye hajui vizuri, wamama wanapokezana.

Nilitaka kuona vichwa vya siku hizi vinafananaje. Nikanyoosha mkono kwenye pembe ya leso.

"Mama Kioko," akasema nyuma yangu, na mashine ya kunyolea haikuzimwa. "Hiyo ina mwenyewe. Ngoja wamama watoke."

Nikaketi kwenye benchi, nikangoja.